Neno "rival" hatua kwa hatua: mwongozo kwa anayefundisha, anayetangaza na anayetafsiri

Mwongozo huu nimewaandikia watu wa aina tatu ninaokutana nao kila mara hapa Mwanza. Wa kwanza ni mwanafunzi wa sekondari anayeambiwa atunge sentensi kwa neno "rival" akaishia kuandika habari za maadui. Wa pili ni kijana wa redio anayeletewa habari ya mpira kwa Kiingereza dakika tano kabla ya kuisoma hewani kwa Kiswahili. Wa tatu ni mwongoza watalii anayesimulia ngoma za Wasukuma kule Bujora, au habari za mpelelezi Mwingereza Speke na chanzo cha Mto Nile, mbele ya wageni wenye maswali.

Wote watatu wanalijua neno hili nusu, na nusu wanayoijua ni ile ya ugomvi. Nusu ya pili, ambayo mimi naiona ndiyo yenye uzito, ni ya kuwa na kitu kimoja mnachokitegemea nyote. Mtu msiyeshirikiana naye chochote hawezi kuwa "rival" wako. Ukilishika hilo, matumizi na tafsiri vitanyooka vyenyewe. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Mwenye haraka ya tafsiri aruke mpaka hatua ya tano.

Hatua ya kwanza: litamke vizuri

Neno lina silabi mbili. Silabi ya kwanza ndiyo yenye mkazo, nayo inasikika kama "rai" katika "kutoa rai". Ya pili ni hafifu, kama "vol" iliyosemwa haraka. Usiseme "rivo" wala "revali".

Jihadhari na "arrival", neno linaloandikwa kwenye ubao wa uwanja wa ndege pale ndege zinapotua. Hilo lina "a" mwanzoni na maana yake ni kuwasili. Wanafunzi wengi huyachanganya wanaposikiliza, hasa msemaji akiwa na kasi. Dawa ni kusikiliza kama kuna sauti ndogo kabla ya "rai". Asili ya maneno haya mawili pia ni tofauti, na nitaieleza hatua ya nne.

Hatua ya pili: uliza maswali matatu kabla hujamwita mtu "rival"

Swali la kwanza: je, kuna kitu ambacho hawa wawili wanashirikiana? La pili: je, kila mmoja anakitaka kitu hicho kwa namna inayoweza kumpunguzia mwenzake? La tatu: je, nguvu zao zinakaribiana, na jambo lenyewe linajirudia? Majibu yote yakiwa ndiyo, neno umelipata. Jibu moja likiwa hapana, tafuta neno lingine.

Tuyajaribu maswali haya mwaloni Kirumba asubuhi, mitumbwi ya dagaa inaporudi. Wanawake wanunuzi hawasubiri ndoo ziteremshwe. Wanaikunja kanga, wanaingia majini mpaka magotini, na kila mmoja anawahi kushika ubavu wa mtumbwi, kwa sababu aliyetangulia kushika ndiye anayepimiwa kwanza. Wawili wakiushika pamoja, hapo ndipo utasikia, "Dada, mimi nimeongea na tajiri tangu jana." Na mwenzake anajibu bila kuachia, "Tajiri ni wa wote, dada." Kitu cha pamoja kipo: shehena ya mtumbwi ule. Anachochukua mmoja kinampunguzia mwingine. Nguvu zinakaribiana, na kesho watakutana tena palepale. Kwa Kiingereza hao ni "rivals" kamili.

Sasa angalia kinachofuata. Tajiri akitaja bei ya ndoo iliyopanda kupita kiasi, wanawake wale wale wanaachia mtumbwi kwa pamoja na kurudi mchangani. Hakuna aliyewaita kikao. Na jua likishapanda, yule aliyekosa ndoo anamwazima mwenzake aliyepata ndoo beseni lake la kwenda kuanikia. Adui hafanyi hivyo. "Rival" anaweza kufanya hivyo mchana na kesho alfajiri akakusukuma kwa bega, na neno bado ni lile lile.

Magugu maji yanayoziba mwalo si "rival" wa mvuvi, kwa sababu hayagombei samaki wala soko. Ni tatizo tu. Mwizi wa nyavu naye si "rival", huyo ni mwizi. Timu kutoka mkoa mwingine iliyokuja Uwanja wa CCM Kirumba kucheza mechi moja na kuondoka ni "opponent", yaani mpinzani wa siku ile. Wafanyabiashara wote wa viatu pale Makoroboi ni "competitors", kwa kuwa wapo katika soko moja hata kama hawajuani majina. Wale wawili ambao meza zao zinatazamana, mmoja akishusha bei mwenzake anashusha kabla ya adhuhuri, hao ndio "rivals". Neno hili linabana zaidi ya "competitor": linataka ujirani, kujuana na kuangaliana.

Kuhusu "enemy", kwa ufupi: adui anataka uumie. "Rival" anataka kile unachokitaka wewe.

Hatua ya tatu: liweke mahali pake katika sentensi

Neno hili ni nomino, ni kivumishi na ni kitenzi, na kila moja lina tabia yake.

Likiwa nomino, angalia kihusishi kinachofuata. "Rival for" hutaja kitu kinachogombewa: "They are rivals for the same job", wanagombea kazi moja. "Rival in" hutaja uwanja: "rivals in business", washindani katika biashara. "Rival to" hutaja yule anayekabiliwa: "a serious rival to the champion", mtu anayeweza kumtoa jasho bingwa. Kwa "rivalry" tunasema "rivalry between" tukitaja pande zote mbili, na "rivalry with" tukisimama upande mmoja.

Likiwa kivumishi linatangulia nomino na halichukui "s" hata wahusika wakiwa wengi: "rival teams", si "rivals teams". Hapa pia si lazima wahusika wawe watu. "Rival claims" ni madai yanayokinzana juu ya haki moja, na "rival theories" ni maelezo mawili yanayogombea kueleza jambo lile lile.

Likiwa kitenzi ndipo wengi wanateleza. Kwa Kiingereza cha leo, "to rival" mara nyingi halina maana ya kushindana. Lina maana ya kufikia ubora wa kitu kingine, kulingana nacho. Ukisoma "The sunset at Bismarck Rock rivals anything on the coast", mwandishi hasemi kwamba jua letu linashindana na la pwani. Anasema machweo ya pale kwenye Jiwe la Bismarck hayapitwi uzuri na ya pwani. Na kwa kuwa kitenzi hiki kinachukua yambwa moja kwa moja, usiweke "with". "Simba is rivalling with Yanga" ni sentensi mbovu, na nimeiona mara nyingi kwenye madaftari. Sema "Simba and Yanga are rivals".

Tahajia: Waingereza hurudufu "l" katika "rivalled", "rivalling" na "unrivalled". Wamarekani huandika "l" moja. Mitihani yetu imejengwa juu ya Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo rudufu.

Maneno yanayopenda kuandamana nalo ni machache, na inafaa kuyakariri yakiwa jozi: "arch-rival" ni mpinzani mkuu kuliko wote, "bitter rivals" ni wenye uchungu kati yao, "friendly rivalry" ni ushindani wenye undugu, "local rivals" ni wa mji mmoja, "sibling rivalry" ni kule kugombea mapenzi ya wazazi kunakotokea baina ya ndugu, hasa mtoto aliyezoea kubebwa anapopata mdogo wake.

Hatua ya nne: chimba mzizi wake

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na kwa mtu wa kanda ya ziwa haihitaji nguvu kuieleza.

Neno linatokana na Kilatini. "Rivus" ni kijito, na mara nyingi pia mfereji wa kupitishia maji kwenda shambani. Kutokana nalo likazaliwa "rivalis", wingi wake "rivales": watu wanaotumia maji ya mfereji mmoja. Hili tunalo kwa maandishi ya sheria. Ulpian, mwanasheria wa Roma wa mwanzoni mwa karne ya 3, ameeleza kwamba "rivales" ni wale wanaopitisha maji kwa mfereji mmoja, na ameeleza hivyo akizungumzia wanapogombana juu ya matumizi ya maji hayo. Maneno yake yamehifadhiwa katika Digesta, mkusanyo wa sheria uliotolewa mwaka 533 kwa amri ya Mfalme Justinian.

Ukitaka kuwaelewesha wanafunzi, usianze na Roma. Anza na majaluba. Wengi wao wametoka Magu, Kwimba au Misungwi na wamekulia kwenye mpunga. Mvua ikisita mwezi wa kwanza au wa pili, maji yanayopita kwenye mfereji yanakuwa kidogo. Aliye juu anaziba mdomo wa mfereji kwa mabonge ya udongo ili jaluba lake lishibe kwanza. Aliye chini anaamka usiku, anakwenda na jembe, anakata pale palipozibwa. Asubuhi wanakutana tutani, kila mmoja ana jembe begani na tope mpaka kwenye goti, na hakuna anayehitaji kuuliza ni nani aliyefanya nini. Lakini mfereji ukijaa mchanga, lazima wauzibue wote wawili, maana asiyechimba naye hapati maji. Waulize wanafunzi: hawa ni marafiki au maadui? Watabishana, na mabishano yao yatawafikisha kwenye maana ya "rivalis" upesi kuliko kamusi.

Waroma wenyewe hawakuliacha neno shambani. Walilihamishia kwenye mapenzi: wanaume wawili wanaompenda mwanamke mmoja wakaitwa "rivales". Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Roma, katika barua aliyomwandikia ndugu yake Quintus mwaka 54 kabla ya Kristo, alisema kuhusu mwanasiasa mwenzake Hirrus kwamba anajipenda mwenyewe bila "rival". Yaani hakuna mwingine anayeyagombea mapenzi hayo.

Kiingereza kililipokea neno katika miaka ya 1570. Mwanzoni lilikuwa na nyuso mbili, kama lilivyotoka kwao. Katika Hamlet ya Shakespeare, iliyoandikwa karibu mwaka 1600, askari mmoja wa zamu ya usiku anawataja Horatio na Marcellus kuwa ni "the rivals of my watch". Hawa si washindani wake hata kidogo. Ni wenzake wa lindo, watu wanaogawana naye zamu moja. Mwanafunzi anayesoma tamthilia hiyo akiwa na maana ya ugomvi tu kichwani atafikiri kuna mapigano yanakuja, na hayaji. Katika King Lear Shakespeare huyo huyo anatumia neno kama kitenzi kwa watawala wawili wanaomwania binti wa mfalme, na hapo ugombezi uko wazi. Baadaye ile maana ya wenza ikafa katika Kiingereza. Ikabaki ya kugombea.

Sasa maelezo niliyoahidi katika hatua ya kwanza. Watu wengi, hata walimu, hufundisha kwamba "rival" limetoka kwenye "river" kwa sababu yanafanana na yote yanahusu maji. Si kweli. "River" limepitia Kifaransa kutoka kwenye neno lingine la Kilatini, "ripa", yaani ukingo au ufuko. Kwenye "ripa" hiyo hiyo ndiko kulikotoka "arrive" na "arrival": maana ya kwanza ilikuwa kufika ufukoni, chombo kugusa nchi kavu. Abiria wa kivuko cha Kamanga anayeteremka upande wa mjini anafanya kile hasa kitenzi hicho kilichosema mwanzo. Ndugu wa kweli wa "rival", waliotoka kwenye "rivus", ni "rivulet", yaani kijito, na "derive", ambalo mwanzoni lilikuwa na maana ya kuchepusha maji kutoka kwenye mkondo. Wanafunzi wa hisabati na kemia wanalitumia "derive" kila wiki bila kujua wameshika jembe la mfereji.

Hatua ya tano: lipeleke kwenye Kiswahili

Hakuna neno moja la Kiswahili linalofaa kila mahali, na anayetumia moja tu siku zote atakosea nusu ya siku hizo. Chagua kwa kuangalia wahusika.

"Mshindani" ni salama kuliko yote. Linafaa biashara, mitihani, mashindano ya mitumbwi, wanamuziki. Udhaifu wake ni upole: halisemi kama watu hawa wamekabana kwa miaka.

"Mpinzani" lina nguvu zaidi na michezo inalipenda. Lakini hapa Tanzania neno hili lina kiti chake katika siasa. Ukiandika "wapinzani wa mwenyekiti" msomaji atafikiria vyama kabla hajafikiria wagombea wengine ndani ya chama kile kile. Pakiwa na hatari hiyo, andika "wanaogombea naye nafasi hiyo" na usiogope urefu.

"Hasimu" ni kali. Lina asili ya Kiarabu na limebeba harufu ya uadui. Litunze kwa mahasimu wa kisiasa waliofikishana mahakamani, au makundi yanayopigana. Mtangazaji anayeziita timu mbili za mtaa wa Mabatini mahasimu ameongeza chumvi kwenye chungu kisicho chake.

"Mtani wa jadi" ni hazina yetu. Hakuna tafsiri bora ya "arch-rivals" ukizungumzia Simba na Yanga. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba ikaanza mwaka 1936 kwa watu waliojitoa Yanga, na jina la Simba limekuja mwaka 1971 baada ya kuitwa Sunderland. Zote zimekulia Kariakoo, zinagombea wachezaji wale wale, kombe lile lile na mashabiki waliomo katika nyumba moja. Utani ni desturi ya kabila na kabila kupigana vijembe bila kukosana, kuchukuliana vitu, na kusaidiana kwenye msiba. Aliyeanza kuwaita watani alikuwa na jicho. Alibakiza ule ushirika ambao neno la Kiingereza limeupoteza njiani. Ukipokea habari inayosema "Simba face bitter rivals Yanga", usiandike "maadui wakubwa". Andika "Simba kuvaana na watani wao wa jadi".

Kisha kuna "mwenza", neno ambalo hutalitumia kutafsiri "rival", lakini linatufaa kuelewa kwamba hali hii Kiswahili kinaijua tangu zamani. Mgombea mwenza ni yule anayesimama na mgombea urais kwenye karatasi moja, wakishinda wameshinda wote. Mke mwenza ni yule anayeshiriki nawe mume mmoja. Neno moja, na ndani yake mmefungwa pamoja, iwe mnavuta upande mmoja au mnavutana. Askari wa Shakespeare angesema Kiswahili angewaita wale wawili wenzake wa zamu, wala asingetafsiriwa vibaya. Na methali ya mafahali wawili wasiokaa zizi moja inazungumza jambo hili hili. Ugomvi wa mafahali hautoki kwenye pembe, unatoka kwenye zizi. Wangekuwa na mazizi mawili wasingekuwa na la kupigania.

Kwa kitenzi, ukikikuta katika sentensi ya kukanusha, Kiswahili kina nahau iliyo tayari: kufua dafu. "No other market can rival Kirumba for dried dagaa" ni "Hakuna soko linalofua dafu kwa Kirumba kwa dagaa wakavu". Katika sentensi ya kukubali, tumia "kulingana na", "kutopitwa na" au "kushika bega moja na". Na "unrivalled" ni "asiye na mfano" au "asiye na mpinzani", kutegemea kama unasifu uzuri au uwezo.

Niongeze jambo kwa waongoza watalii. Wageni wengi wakifika Bujora, pale Kisesa kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, wanasikia kuhusu Bagika na Bagalu na kuandika kwenye daftari zao "rival tribes". Warekebishe papo hapo, kwa upole. Bagika na Bagalu wote ni Wasukuma. Ni vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na wachezaji wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja na wafuasi wake na dawa zake za mvuto. Tamko sahihi ni "rival dance societies", vyama vya ngoma vinavyoshindana.

Halafu waeleze kinachogombewa, maana bila hicho hawataelewa kwa nini mtu anacheza na chatu au anajifukia ardhini. Siku ya shindano vyama vyote viwili vinapiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huku na huku. Anayeshinda ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi upande wake. Umati ndio maji ya mfereji wao. Mtazamaji mmoja hawezi kusimama pande zote mbili, kwa hiyo kila anayehama amempunguzia mmoja na kumwongezea mwingine. Ndiyo maana mbinu zinazidi kuwa za ajabu kila kizazi, na ndiyo maana Bagika wasingefika walipofika kama Bagalu wasingekuwepo. Wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma ya mwezi wa sita, haya yote mgeni anayaona kwa macho yake bila maelezo marefu.

Hatua ya sita: jipime

Andika majibu yako kabla hujasoma yangu.

Moja. Tafsiri: "The two shopkeepers are rivals but they share a night guard." Mimi ningeandika: "Wenye maduka hao wawili ni washindani, lakini mlinzi wao wa usiku ni mmoja." Neno "mahasimu" lingeivunja sentensi, kwa sababu mahasimu hawachangii mshahara wa mlinzi.

Mbili. Sahihisha: "Our school rivals with their school in debate." Jibu: "Our school and theirs are rivals in debate." Ukiacha kitenzi na kuondoa "with" tu, utapata sentensi sahihi yenye maana nyingine: kwamba shule yetu imefikia kiwango cha yao.

Tatu. "Kenya, Uganda and Tanzania have rival interests in the lake." Wengi huandika "nchi pinzani". Hapana. Kinachokinzana ni maslahi, si nchi. "Kenya, Uganda na Tanzania zina maslahi yanayokinzana katika ziwa." Nchi hizo hizo tatu zina shirika la pamoja la uvuvi wa Ziwa Victoria, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja. Msomaji akiambiwa ni mahasimu atashindwa kuelewa zinakaaje meza moja kupanga ukubwa wa matundu ya nyavu.

Nne, kwa waliofika mbali. Soma habari hii kisha useme ni wapi utatumia "rival" na kwa kazi gani ya kisarufi. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia bara kutoka pwani wakiwa msafara mmoja. Mwaka 1858 Burton alibaki Kazeh, eneo la Tabora ya leo, akiwa mgonjwa. Speke akaenda kaskazini, na mwezi Agosti akasimama karibu na Mwanza akiyatazama maji ambayo wenyeji waliyajua tangu enzi za mababu zao. Akasema hapa ndipo Nile inapoanzia. Burton hakukubali, yeye aliegemea upande wa Ziwa Tanganyika. Wakarudi Uingereza wakiwa hawaelewani. Ukapangwa mdahalo wa hadhara mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, na siku moja kabla yake Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua, na hoja ya Speke ikapata nguvu.

Walipoondoka pwani hawakuwa "rivals" kwa maana ya leo. Mroma angeweza kuwaita hivyo, kwa kuwa walikuwa wakiufuata mkondo mmoja. Waliporudi walikuwa "rival explorers", na hapo neno ni kivumishi. Hoja zao mbili ni "rival theories", kivumishi tena, ambapo Kiswahili kitasema "nadharia zinazokinzana" wala si "nadharia hasimu". Ule uhusiano wao mzima ni "the rivalry between Burton and Speke", nomino pamoja na "between". Ukiandika "Speke rivalled Burton", umesema Speke alilingana na Burton kwa umahiri. Hilo ni dai jingine kabisa, na utatakiwa kulitetea kwa hoja.

Tano. Kanusha kwa Kiswahili kizuri: "As a storyteller he has no rival in Ukerewe." Jibu langu: "Kwa kusimulia hadithi, Ukerewe nzima hakuna anayefua dafu mbele yake."